Kuvuka Nzoia: Rangi, Kabila na Haki kati ya Kitale na Bungoma

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinasema jambo ambalo ukilisoma ukiwa Nairobi unaliona jepesi. Kaunti ikiajiri, angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi. Ukilisoma Kitale, mtu wa kwanza unayekutana naye atakuuliza: wengi hao ni akina nani, na wamekuwa wengi tangu lini? Ukilisoma Bungoma, swali linageuka: hao wachache mnawahesabu kwa jina gani, na nani aliwapa jina hilo?

Maswali haya yana umri mkubwa kuliko serikali za kaunti, na kuliko Kenya yenyewe. Kila utawala uliopita hapa ulirithi dhuluma fulani ukajaribu kuitibu, na mara nyingi dawa yenyewe ilikuwa kuchora mstari mpya na kutangaza nani mwenyeji na nani mgeni.

Chifu kutoka kwa jirani, 1895–1920

Kwenye ramani za Waingereza za mwaka 1895, nchi hii ilikuwa upande wa mashariki wa Uganda. Ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902 tu. Mtu wao alikuwa Charles Hobley, aliyekaa Mumias chini ya kivuli cha Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Wabukusu walikuwa na bunduki walizozipata kutoka kwa misafara ya biashara, wakakataa kuzisalimisha, na kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kwao kikauawa. Hobley akaja kulipiza kisasi. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ya Chetambe, juu ya vilima vinavyotazama mahali ulipo mji wa Webuye leo. Ngome hizo zilikuwa na handaki na ukuta wa udongo, na watu walikuwa wamejificha humo pamoja na wake zao, watoto na mifugo. Bunduki ya Maxim haikuwa na kazi ngumu.

Jeshi hilo la adhabu lilikuwa na Wasudani, Waganda, Wanga na Wamaasai. Maofisa Wazungu walihesabika kwa vidole. Wabukusu hawakusahau jambo hilo, hasa kwa sababu ya yaliyofuata. Utawala ulipotaka machifu wa kukusanya kodi, uliwatoa kwa Mumia. Kwa miaka mingi chifu mwenye nguvu juu ya sehemu kubwa ya Wabukusu alikuwa Murunga, ndugu wa Mumia kwa baba. Wazee wa Kimilili walipoandika malalamiko yao miaka ya baadaye, hawakuanza na Mzungu. Walianza na kuuliza kwa nini wanatawaliwa na mtu wa jirani ilhali wana watu wao. Ukiniuliza, huo ndio mzozo wa kwanza wa ajira ya serikali katika Bungoma, na umri wake unazidi miaka mia.

Uwanda ulioandikwa kuwa mtupu, 1902–1939

Ng'ambo ya mto Nzoia hadithi ilikwenda vingine. Uwanda ulio kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, ndio Trans Nzoia ya leo, una udongo wa rutuba na mvua ya kutosha, na walioutumia walikuwa wengi. Wakony walikaa kwenye miteremko na mapango ya Elgon na kushuka na ng'ombe. Wasengwer waliihesabu nchi iliyo chini ya Cherangani kuwa yao. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wameshapigwa na kutawanywa katika vita vya karne iliyotangulia, nao Wabukusu walivuka mto kufuata malisho na kurudi vita vilipochacha. Nchi iliyopiganiwa kiasi hicho haikaliwi kwa vijiji vilivyobanana. Maofisa wa ardhi walitazama nyasi, hawakuona paa nyingi, wakaandika kwamba hapana mwenyewe.

Sheria za Ardhi ya Taji za mwaka 1902 na 1915 zilifanya yaliyosalia. Ya pili iliruhusu mlowezi kukodishiwa shamba kwa miaka 999, muda ambao hata mjukuu wa kitukuu chake asingeuona mwisho wake. Wahindi walifungiwa mlango mapema: tangu mwaka 1908, Lord Elgin, waziri wa makoloni, alikuwa amekubali kwamba kwa sababu za kiutawala ardhi ya nyanda za juu isitolewe kwao. Mwafrika hakuwa na haja ya kukatazwa, kwa maana sheria haikumhesabu kuwa mnunuzi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi askari waliostaafu ulileta wimbi jipya la Waingereza Trans Nzoia, juu ya Makaburu waliokwisha kutangulia katika eneo la jirani. Mji wa Kitale ukaanza kuchukua sura yake karibu mwaka 1920, na katikati ya muongo huo tawi la reli likaufikia. Njia kuu ya kwenda Uganda ilipita kusini, na kituo kimoja kando yake ndicho kilichokuja kuwa mji wa Bungoma.

Reli hiyo ilizaa miji miwili ya tabia tofauti. Kitale ulikuwa mji wa mlowezi: klabu yake, shule yake, benki na wauzaji wa mashine za shamba. Ulikuwa na Milimani kwa Wazungu, mtaa wa maduka kwa Wahindi, na makazi ya Waafrika mbali na upepo mzuri. Kanali Hugh Stoneham, mmoja wa walowezi hao, alikusanya vipepeo, ndege na vitu vya wenyeji kwa miaka mingi; mkusanyo wake ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974. Bungoma kwa upande wake ulikuwa kituo cha biashara ndani ya rizavu, eneo lililotengewa Waafrika: stesheni, maduka ya Wahindi na soko la Waafrika. Aliyetaka mshahara alitoka huku akaenda kule.

Alikwenda na kipande shingoni. Kuanzia karibu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole na majina ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha bati. Wazungu na Wahindi hawakukibeba. Pamoja na kipande kulikuwa na uskwota: familia iliruhusiwa kulima kipande cha ardhi ya mlowezi na kufuga, kwa sharti la kumfanyia kazi siku 180 au zaidi kwa mwaka. Wabukusu, Wanandi, Wakony, Wateso na Waturkana waliingia Trans Nzoia kwa mlango huo. Watoto wao walizaliwa huko na wazee wao wakazikwa huko, bila hati hata moja ya kuonyesha. Sheria ya mwaka 1937 ilizipa halmashauri za walowezi mamlaka ya kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku za kazi, na kuanzia hapo uskwota ukawa unabana mwaka hadi mwaka.

Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter ilisikiliza madai kati ya 1932 na 1934. Wakony walieleza jinsi uwanda ulivyochukuliwa. Tume haikuwarudishia uwanda. Wakaelekezwa juu, kwenye nyasi za baridi za Chepkitale karibu na kilele cha Elgon. Mwaka 1939 amri ya Uingereza ikaweka mipaka rasmi ya Nyanda za Juu za Wazungu, Trans Nzoia ikiwa ndani yake. Uamuzi huo wa Chepkitale ulifanywa kwa mstari mmoja wa kalamu. Utaua watu miaka sabini baadaye.

Kuna matokeo mengine ya tume hiyo ambayo hayasemwi sana. Hofu ya kupoteza ardhi, ikichochewa na dhahabu iliyogunduliwa Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliwafundisha watu kwamba kabila dogo halisikilizwi. Wasomi wa Kavirondo Kaskazini, wilaya ya kikoloni iliyokuwa na Bungoma ndani yake, wakalieneza jina la Abaluhya ili Wabukusu, Wanga, Maragoli, Tachoni na wenzao wazungumze kwa sauti moja. Katika miaka ya 1940 jina la Kalenjin likafanya kazi hiyohiyo upande wa pili, na kwenye Elgon Wakony, Wabok, Wabung'omek na wenzao wakajiita Sabaot. Majina haya yaliundwa ili kudai haki. Baadaye yatageuka visanduku vya fomu ya ajira.

Nabii wa Maeni na mwanasiasa wa Matili, 1943–1961

Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, alikuwa ameichezea Kenya mpira katika Kombe la Gossage dhidi ya Uganda mwaka 1930 kabla ya kuwa nabii. Aliwahi kuwa tarishi wa baraza la wenyeji, kwa hiyo alijua kutoka ndani jinsi faini zinavyoandikwa. Dini ya Msambwa aliyoianzisha karibu mwaka 1943 iliwataka watu warudi kwa mizimu ya wazee wao na Wazungu warudi kwao. Alikataa kazi ya kulazimishwa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Hukumu hiyo inachekesha na kutia uchungu: mtu aliyesema kwamba ardhi ya Wabukusu ni ya Wabukusu alionekana ana kichaa.

Alipoachiliwa mwaka 1947 aliwakusanya wafuasi kwa maelfu pale Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu, na hakurudi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwenye mashamba ya Trans Nzoia moto wa usiku ulipowaka ghalani, polisi walianza kwa kuwakamata maskwota waliojulikana kuwa wafuasi wake. Serikali ya Kenyatta iliondoa marufuku ya dini hiyo mwaka 1964 na kuirudisha mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987 baada ya kufungwa na serikali tatu.

Mwenzake wa kizazi kilichofuata alikuwa mtu wa suti. Masinde Muliro, aliyezaliwa Matili mwaka 1922, alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town katika miaka ambayo apartheid ilikuwa ikijengwa mbele ya macho yake. Alirejea mwaka 1954 akawa mwalimu, na mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika walipiga kura ya kuchagua wawakilishi wao, alishinda kiti cha Nyanza Kaskazini. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa KADU pamoja na Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Chama hicho kilitaka majimbo, kikihofu kwamba makabila makubwa ndani ya KANU yatameza madogo.

Kitale ni ya jimbo gani? 1962–1964

Hapa ndipo historia yetu inapopinda, na nitakaa hapa kidogo.

KADU walipopata majimbo yao kwenye mazungumzo ya Lancaster House, ilibidi mtu achore mipaka. Tume ya Mipaka ya Majimbo chini ya Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchi mwaka 1962 ikiwauliza watu wanataka kuishi na nani. Tuseme ukweli, ni swali ambalo likiulizwa kwa namna hiyo haliwezi kujibiwa vizuri. Kila ujumbe uliokuja mbele ya tume ulileta historia ya uhamaji, majina ya mito na makaburi ya wazee ili kuthibitisha kwamba ulifika kwanza.

Muliro alitaka Trans Nzoia iwe ya Jimbo la Magharibi, na Kitale uwe mji wake. Hoja yake ilikuwa ya jasho: walioyalima mashamba hayo kwa vizazi viwili walikuwa kwa wingi Waluhya, hasa Wabukusu. Moi aliitaka Kitale ibaki Bonde la Ufa. Hoja yake ilikuwa ya asili: kabla ya Mzungu, uwanda huo ulikuwa wa Wakony, Wasengwer na ndugu zao. Viongozi wawili wa chama kimoja, chama kilichoundwa kuwalinda wachache, wakawa wanavutana juu ya mji mmoja ambao ulikuwa bado na Wazungu kwenye veranda za Milimani. Walowezi nao walikuwa wakitafuta bei nzuri ya kuondokea.

Tume iliiacha Trans Nzoia Bonde la Ufa. Magharibi ikapata Kakamega kuwa makao yake. Lakini tume hiyohiyo iliwaacha Wasabaot wa Elgon ndani ya Magharibi, ingawa wao walikuwa wameomba kwenda Bonde la Ufa. Wilaya ya Elgon Nyanza iliyokuwapo tangu 1956 ikagawanywa kuwa Bungoma na Busia, na Wasabaot wakajikuta wachache katika Bungoma. Kumbe mji ulichukua jina lake, kama wazee wengi wa pande zote wanavyokubali, kutoka kwa Wabung'omek, mojawapo ya koo za Kisabaot. Mwaka 1963 kulikuwa na mapigano kati ya Wabukusu na Wasabaot chini ya mlima, uhuru ukiwa mlangoni.

Hivyo pande zote mbili zilitoka na kidonda. Mbukusu wa Kitale aliambiwa anaishi kwenye jimbo la wengine, na Msabaot wa Cheptais akaambiwa vivyo hivyo. Novemba 1964 KADU ikajivunja na kujiunga na KANU, majimbo yakafutwa. Mipaka ikabaki kama ilivyokuwa, ikiitwa sasa ya mikoa.

Ardhi yenyewe ilianza kubadilisha mikono kwa sheria ya anayetaka kuuza na anayetaka kununua. Uingereza ilikopesha Kenya fedha za kuwanunulia walowezi mashamba, na Mwafrika akazilipa. Walioweza kununua walikuwa wenye mshahara, wenye mkopo, au wenye kampuni na ushirika wa kuchanga. Wakikuyu walinunua, Waluhya walinunua, Wakalenjin na Wakisii walinunua. Mashamba kadhaa makubwa hayakugawanywa kabisa. Yaliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965, na mengine kwa wakubwa wa siasa. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale na walowezi mwaka 1956, ilitoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964, na kwa muda mfupi Trans Nzoia ikawa ghala la taifa. Waturkana waliotoka kwenye ukame na kukosa shamba la kununua waliishia Kipsongo, kando ya mji. Hakuna tume iliyowauliza wanataka kuishi na nani.

Maduka ya Wahindi, 1965–1970

Uhuru ulipokuja, wasio Waafrika walipewa miaka miwili, mpaka Desemba 1965, kuomba uraia wa Kenya. Wengi wa Wahindi walisita wakabaki na pasi za Uingereza. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ikamfungia asiye raia nje ya maeneo maalumu na nje ya biashara ya bidhaa nyingi. Miji kama Kitale na Bungoma ndiyo iliyolengwa hasa, kwa sababu duka la rejareja la Mhindi lilikuwa pale kila mtu alipolipita. Mwanzoni mwa 1968 watu walipanga foleni kwenye viwanja vya ndege kuwahi Uingereza kabla haijafunga mlango, nayo ikaufunga kwa sheria mwezi Machi.

Waliobaki walibaki kwa sababu walikuwa raia, au kwa sababu leseni iliandikwa kwa jina la mshirika Mwafrika. Hatua hiyo ilitetewa kuwa haki kwa Mwafrika, na kwa kiasi fulani ilikuwa haki: chini ya ukoloni hakuwa na mkopo wa benki wala duka la jumla la kununulia. Lakini leseni zilitolewa kwa waliokuwa karibu na ofisi ya leseni. Bungoma na Kitale watu walijifunza kwamba mradi wa kusawazisha ukiendeshwa na mkuu wa wilaya peke yake, wanaosawazishwa ni marafiki zake.

Miaka hamsini baadaye, Julai 2017, serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wapo waliofurahi na wapo waliocheka. Mgawanyiko ambao ukoloni uliuita wa rangi ukawa umeingizwa rasmi kwenye orodha ya makabila.

Mishale, 1991–2008

Vyama vingi viliporuhusiwa, swali la 1962 liliamka na silaha mkononi. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 shamba la Meteitei, Nandi, yalifika Trans Nzoia na mipakani mwa Bungoma kabla ya mwaka kuisha. Endebess, Kwanza, Cheptais, Chwele, Kimilili: nyumba zilichomwa na watu wakakimbilia makanisani na shuleni. Waliofukuzwa walikuwa hasa Wabukusu, Wakikuyu na Wateso, yaani walioonekana kuwa wapinzani wa KANU. Wasabaot nao waliuawa katika kulipiza kisasi. Mbali na hapo, wanasiasa wa chama tawala walikuwa wakihubiri majimbo na kuwaambia wageni warudi kwao. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kenneth Kiliku mwaka 1992 ilieleza kwamba mapigano hayo yalichochewa na watu wakubwa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba angalau watu 1,500 walikuwa wamekufa nchini na 300,000 kupoteza makao. Muliro hakuuona mwisho wake. Alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi tarehe 14 Agosti 1992. Desemba ile Michael Kijana Wamalwa alishinda kiti cha ubunge cha Saboti, Trans Nzoia, kwa FORD-Kenya, na miaka kumi baadaye akawa makamu wa rais kwa miezi michache kabla ya kufariki London Agosti 2003.

Serikali ilimtuliza Msabaot kwa kumpa wilaya yake: Mlima Elgon ilitengwa na Bungoma mwaka 1993. Ndani ya wilaya hiyo, hata hivyo, mstari mwingine ulikuwa unachimbuka. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwashusha watu wa Chepkitale, Waogiek waitwao pia Mosop, na kuwapa ardhi Chepyuk iliyokatwa kutoka msituni. Wasabaot wa chini, Soy, nao waliingia Chepyuk. Ugawaji ukafanywa, ukafutwa, ukafanywa tena kwa awamu, kila awamu na wabunge wake na orodha zake. Mwaka 2006 vijana wakaingia msituni na kujiita Sabaot Land Defence Force, wakiongozwa na Wycliffe Matakwei. Waliua, walikata watu masikio na kutoza kodi yao wenyewe. Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume walikusanywa kijiji kwa kijiji. Wengine walirudi wakiwa wameteswa na wengine hawakuonekana tena. Matakwei aliuawa Mei. Waliouana Chepyuk walikuwa wote, kwa hesabu ya serikali, kabila moja.

Hesabu ya thuluthi, 2008 hadi leo

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilijaza wakimbizi uwanja wa maonyesho wa Kitale. Katika mapatano yaliyofuata, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo kifungu chake cha saba kinakataza ofisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ilitungwa watu wakiwa wanaiangalia Nairobi, na kwa sababu nzuri: tume iliyoundwa na sheria hiyo, NCIC, ilipowahesabu watumishi wa serikali kuu mwaka 2011, makabila matano makubwa yalikuwa na karibu asilimia 70 ya kazi.

Kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, zilizochorwa juu ya wilaya zilizotambuliwa kisheria mwaka 1992. Wilaya ya Mlima Elgon ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja baadaye. Basi Wasabaot wakarudishwa Bungoma bila mtu kuwauliza, na leo eneobunge lao lina wadi sita kati ya wadi 45 za bunge la kaunti. Trans Nzoia ikabaki kaunti peke yake, yenye watu 990,341 kwa sensa ya 2019. Bungoma ina 1,670,570.

Sheria ya Uwiano ya 2008 na ile ya kaunti ya 2012 hazikubaliani. Ya 2008 inasema kabila moja lisizidi thuluthi. Ya 2012 inasema wasio wengi wapate asilimia 30 ya nafasi za kuanzia, maana yake wengi wanaweza kuchukua 70. Katika kaunti ambayo Waluhya ni wengi mno kama Bungoma, sheria ya kwanza haiwezi kutimizwa bila kuleta makarani kwa basi kutoka kaunti nyingine. Ya pili inawezekana, lakini inategemea unavyohesabu. Ukiwahesabu Waluhya kuwa kabila moja, basi Mtachoni wa Bungoma anayelalamika kwamba Wabukusu wamechukua kila kitu yuko upande wa wengi, na hana fungu. Ukimhesabu peke yake, asilimia 30 inaweza kujazwa na Watachoni na Wakabras, na Msabaot akabaki nje. Jina lililowaunganisha babu zao mbele ya hofu ya kupoteza ardhi ndilo linalomfunga Mtachoni mlango sasa.

NCIC ilipokagua kaunti zote mwaka 2016 ilikuta kwamba kaunti 15 tu kati ya 47 ndizo zilizofuata kifungu cha 65. Wakubwa wa kaunti wana utetezi wao, na si wote wa kubezwa. Wafanyakazi wengi walirithiwa kutoka mabaraza ya miji ya zamani. Nesi wa zahanati ya kijijini akijua lugha ya mama mjamzito, hilo nalo ni sifa ya kazi. Na tangazo likitolewa Bungoma, wanaoomba ni wa Bungoma. Hoja hizo ninazielewa. Nisichokielewa ni kwa nini zinatumika kuanzia kwa mfagizi hadi kwa mkurugenzi, ilhali mkurugenzi anaweza kutoka popote.

Kwenye siasa za juu, magavana walikuwa wameshapata njia yao. Trans Nzoia ilimchagua Patrick Khaemba mwaka 2013, naibu wake akiwa Stanley Tarus, Mkalenjin. Bungoma ilimchagua Kenneth Lusaka na Hillary Chongwony, Msabaot. Mwaka 2022 Lusaka alirejea na Jenepher Mbatiany, naye wa Mlima Elgon. Unaibu umekuwa kiti cha jirani. Ni jambo jema kuliko mishale, ingawa naibu gavana hana idara ya kuajiri wala bajeti yake isipokuwa gavana ampe.

Mzozo si wa kaunti pekee. Septemba 2016 Profesa Laban Ayiro, Mluhya, alipoteuliwa kukaimu unaibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, viongozi wa eneo hilo wakiongozwa na Gavana Jackson Mandago waliandamana wakitaka mwenyeji. Kitale walisikiliza kwa makini. Kwa hoja hiyohiyo, daktari Mkalenjin angeweza kukataliwa Bungoma, na mwalimu Mbukusu aliyezaliwa Kitale, ambaye babu yake alikuwa skwota, angehesabiwa mgeni mahali pekee alipowahi kuishi.

Tarehe 26 Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya Waogiek wake, na kwamba tangazo la mwaka 2000 lililoigeuza kuwa hifadhi ya wanyama halikuwa halali. Ni hukumu ya nadra: haikugawa watu kwa asilimia, ilitazama nani aliishi wapi na nani alimtoa. Wasengwer wana kesi zao upande wa Cherangani. Viongozi wa Kisabaot kwa upande wao wanadai kaunti yao wenyewe. Kwa Kifungu cha 188 cha Katiba, mpaka wa kaunti haubadilishwi bila pendekezo la tume huru, kisha thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Kura ya Bungoma katika Seneti ni moja, na seneta wake huchaguliwa na kaunti nzima.